Shamba la Mzee Sadiki Kifuani mwa Ausi

Siku ya Jumanne, saa mbili na robo asubuhi, Ausi alikuwa mtu wa kumi na tisa kwenye foleni ya kupiga picha ya kifua, Nachingwea mjini, kwenye uwanja ulio nyuma ya soko. Gari la mradi lilikuwa limeegeshwa hapo na turubai limefungwa ubavuni. Kwenye ngazi ya gari palikuwa na beseni jekundu la plastiki. Kila aliyekuwa anapanda alivua cheni na hirizi akaweka humo, maana mashine haitaki chuma kifuani. Mama mmoja alikataa kuchanganya ya kwake na za wenzake. Alisema hirizi za watu haijulikani zimetumwa kazi gani. Akaruhusiwa kuishika mkononi, mkono ukiwa nje ya picha.

Ausi hakuwa na hirizi. Alikuwa na kikohozi cha miaka miwili, na mke wake Kulthumu, ambaye alimshikia shati.

Walikuwa wametoka Mbwemkuru, upande wa Ruangwa, tangu alfajiri, bodaboda moja, mshikaki, Ausi katikati ili asianguke akikohoa. Kazi yake ilikuwa kupuliza salfa. Kila mwaka mikorosho ikianza kutoa maua, ugonjwa wa ubwiriunga unakuja unayashika, utadhani mtu kamwaga unga wa muhogo mtini, na dawa yake ni salfa. Mpulizaji anabeba mashine mgongoni, anaiwasha kabla jua halijatoka, umande ungali kwenye majani ili unga unate, kisha anatembea mstari kwa mstari ndani ya wingu la njano. Mdomoni anafunga kipande cha kanga. Akimaliza, mwenye shamba anampa maziwa nusu lita, kwa sababu kila mtu anajua kwamba maziwa yanaondoa sumu. Ausi alikuwa amepuliza shamba la Mzee Sadiki misimu mitatu, na maziwa yake yote alikuwa ameyanywa.

Nyumba waliyokaa, yeye na Kulthumu na binti yao Amna, ilikuwa pembeni mwa shamba hilohilo, kwenye kiwanja cha Mzee Sadiki. Makubaliano yalikuwa kwamba Ausi anapuliza, wao wanakaa. Mwaka huu Kulthumu alikwenda mwenyewe kusema kwamba Baba Amna hawezi tena, kutoka nyumbani mpaka kisimani anakaa chini mara mbili. Mzee Sadiki alikuwa anakula mihogo. Akamkaribisha, akatafuna, akamaliza.

"Mwanangu, mimi si mtu mbaya," akasema. "Nileteeni karatasi ya hospitali yenye muhuri, inayosema kuna ugonjwa. Nitatafuta mtu mwingine na nyumba mtakaa. Lakini bila karatasi huo ni uvivu, na uvivu mimi siwezi kuupa nyumba."

Kwa hiyo walikuwa wamefuata karatasi.

Ndani ya gari alikuwamo dada mmoja anaitwa Nelly, mwenye koti jeupe na ndala. Alimwambia Ausi aweke kidevu pale, avute pumzi, aishike. Ausi aliishika kwa kadiri aliyokuwa nayo. Picha ikaingia kwenye kompyuta.

Kompyuta ile ilikuwa imefundishwa. Watu fulani wa mbali walikuwa wameionyesha picha laki kadhaa za vifua vya watu, wakiiambia huyu ana TB, huyu hana, huyu anayo, mpaka ikaanza kujua yenyewe bila kuambiwa. Ilikuwa inatoa namba kuanzia sifuri mpaka mia. Namba ikiwa kubwa, inapaka rangi nyekundu pale penye ugonjwa, na mtu anakwenda hema la pili kutoa makohozi na kuanzishiwa dawa bure. Namba ikiwa ndogo, mtu anakwenda kwao.

Ya Ausi ilikuwa mbili.

Nelly aliiangalia picha. Pafu la kulia lilikuwa na mikorosho. Ilikuwa imepandwa kwa mistari, hatua kumi na mbili kati ya mti na mti, na katikati ilipita njia ya baiskeli. Pafu la kushoto mikorosho iliendelea mpaka karibu na moyo, ikaishia kwenye kichaka, na penye kichaka walisimama ng'ombe saba. Mmoja alikuwa na pembe moja.

Akageuza kioo cha kompyuta ili na wao waone.

"Baba, unafanya kazi gani?"

"Napuliza salfa."

"Na hawa ng'ombe?"

Ausi alifikiri kidogo. "Labda maziwa," akasema.

Nelly akatikisa kichwa kukubali. Alikuwa ameifanya kazi hiyo mikoa mingi. Kwa wachimbaji alikuwa ameona mashimo yenye ngazi, na kwa seremala mmoja aliwahi kuona kabati zima, lina milango miwili, limeshapigwa msasa.

"Kwa hiyo anaumwa," akasema Kulthumu.

"Kompyuta inasema hana TB."

"Dada, sikuuliza TB. Nimeuliza kama anaumwa."

"Imefundishwa TB tu, mama. Ukimtuma fundi baiskeli akatafute mbuzi aliyepotea, atakurudia na baiskeli."

"Na wewe je? Wewe si una macho?"

"Ninayo," akasema Nelly. "Ila macho yangu hayana muhuri."

Hata hivyo alijaribu. Fomu ilikuwa na visanduku viwili, ndiyo na hapana, na Nelly akaandika pembeni: mikorosho, ng'ombe saba. Kompyuta ikakataa kuita mtu wa ishirini. Akafuta ng'ombe, akaacha mikorosho. Ikakataa. Huko nje watu walianza kupiga miluzi, na yule mama wa hirizi alikuwa anauliza kama humo ndani wanapika. Nelly akafuta yote. Karatasi ikatoka ina muhuri wa bluu uliokaa vizuri, na katikati imeandikwa: TB, HAPANA. Akawapa na picha yenyewe, ile nyeusi ya plastiki, akachukua namba yao ya simu. Alisema atawatumia wale wanaoifundisha kompyuta waione.

Mzee Sadiki alisoma karatasi kwanza.

"Hapana," akasema. "Kompyuta imesoma picha laki ngapi sijui, imesema hapana. Mimi darasa la nne ni nani?"

Kisha akaishika ile picha dirishani penye mwanga, akaifuata kwa kidole, mti kwa mti. Kulthumu akapata matumaini.

"Hili ni shamba langu," akasema Mzee Sadiki.

"Ndiyo, mzee."

"Huu mkorosho ulioinama aliupanda marehemu mama. Na hiki ni kisiki cha ule uliopigwa na radi. Ona, hata njia ya baiskeli."

"Ndiyo shida yenyewe, mzee. Liko kifuani mwake."

"Nimeona, mwanangu, nimeona. Sasa hawa ng'ombe ni wa nani?"

Kijiji kizima mwenye ng'ombe wa pembe moja alikuwa Mayunga tu. Mayunga alikuwa Msukuma aliyehamia miaka minne nyuma na kundi lake kutoka Kanda ya Ziwa, na mke wake Limi ndiye aliyeuza yale maziwa ya wapulizaji. Mzee Sadiki akaenda kwa mwenyekiti wa kijiji siku ileile, akasema mifugo imeingia shambani na ushahidi anao.

Mwenyekiti Fransisko aliitisha mkutano siku ya Alhamisi. Ajenda zilikuwa tatu: ng'ombe ndani ya shamba la Mzee Sadiki, mpaka, na mengineyo. Picha ilibandikwa kwenye dirisha la ofisi kwa gundi ya karatasi. Ausi aliwekwa mbele, kwenye benchi peke yake, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa eneo la mgogoro.

Mayunga alifika na fimbo yake na kofia. Aliisogelea picha, akainama.

"Huyu wa pembe moja ni wangu," akasema. "Nimemtafuta tangu masika. Nimekwenda mpaka Kilimarondo, nikasema basi, simba wameshamla. Kumbe yupo hapa, na amenenepa."

"Amenenepa kwa maua yangu," akasema Mzee Sadiki.

"Mzee, ng'ombe hali maua ya mkorosho. Anakula majani ya chini. Anakupalilia bure, hata asante hapati."

"Nyie Wasukuma, mtu akiota ndevu tu mnasema ni malisho."

"Na nyie mkiona kaburi mnapanda mkorosho."

Watu wakacheka, na wao wenyewe wakacheka. Ausi naye alianza kucheka, kikageuka kikohozi. Mwenyekiti akamwomba asikohoe kwa nguvu, humo ndani mnapita mali za watu.

Mayunga akaomba ruhusa ya kumwita ng'ombe wake. Ikatolewa. Alipiga magoti mbele ya benchi, akaweka mdomo karibu na kifungo cha pili cha shati la Ausi, akapiga mluzi wa kurudisha kundi zizini. Ikasikika sauti ya ng'ombe kutoka ndani, ndogo, kama aliye nyuma ya kilima.

"Amesikia," akasema Mayunga, akisimama na kujifuta magoti. "Ila haoni njia."

"Umejisikiaje?" mtu mmoja akamuuliza Ausi.

"Kuna kitu kimegeuka," akasema Ausi.

Baada ya saa moja na nusu walipata mwafaka. Kijiji kilikuwa na mpango wa matumizi bora ya ardhi, umechapwa vizuri na haujatumika popote, basi wakautumia hapo. Pafu la kulia likawa la korosho. Pafu la kushoto, kuanzia kichaka kushuka chini, likawa la malisho, kwa sharti kwamba Mayunga asiongeze mifugo. Koo liliachwa wazi kuwa njia ya wote. Ausi aliagizwa anywe maji asubuhi na jioni kwa ajili ya ng'ombe. Mpaka ulichorwa kwa chaki juu ya shati lake, na Kulthumu akaambiwa asilifue shati hilo mpaka ipigwe picha nyingine. Mzee Sadiki na Mayunga wakapeana mikono, mikono ikipita juu ya kichwa cha Ausi, maana alikuwa amekaa.

Yakabaki mengineyo. Kulthumu akanyoosha kidole.

"Mwenyekiti, mume wangu hapati pumzi."

Mwenyekiti Fransisko alisema hiyo ni hoja nzuri sana, na akawauliza wajumbe kama nao wanaiona hivyo. Wajumbe wakasema ni nzuri. Mwenyekiti akaangalia saa ya simu yake, akasema hoja nzuri haifai kuharakishwa, kwa hiyo itakuwa ya kwanza katika mengineyo ya mkutano ujao. Ikaandikwa. Mkutano ukafungwa kwa dua, na Ausi alisimama kwa awamu mbili.

Wiki mbili baadaye Nelly alipiga simu. Gari lilikuwa Ruangwa mjini, kwa siku tatu tu, na kompyuta ilikuwa imeongezewa masomo. Wale wanaoifundisha walikuwa wameipenda sana picha ya Ausi. Walisema mikorosho wameshaiona mingi, ila hawajawahi kuiona kwa ndani. Sasa walikuwa wameionyesha kompyuta picha laki nyingine, za mikorosho na maradhi yake yote, na wameongeza visanduku.

"Umesikia, Baba Amna?" akasema Kulthumu. "Visanduku vimeongezwa."

Alivaa kanga yake nzuri. Shati la chaki akalikunja vizuri ndani ya mfuko.

Ausi akaweka kidevu, akavuta, akashika. TB ilitoka mbili kama mwanzo. Lakini safari hii kompyuta haikuishia hapo. Ilikaa kimya, ikaendelea kufikiri, halafu juu ya pafu la kulia, karibu na bega, ikapaka rangi nyekundu. Ilikuwa mara ya kwanza Kulthumu kuona rangi hiyo kwenye kifua cha mume wake, na alishukuru Mungu kwa sauti.

"Imeona," akasema. "Sasa imeona."

Karatasi ikatoka. Nelly aliisoma, akairudia kuisoma, akampa Kulthumu. Kulthumu alisoma polepole, kidole chini ya mstari, kama alivyofundishwa shule ya msingi. Ugonjwa: NDIYO. Aina ya ugonjwa: ubwiriunga, umeanza kushika. Wagonjwa: mikorosho sitini na moja. Tiba: salfa, asubuhi na mapema, irudiwe kila baada ya wiki mbili. Chini kulikuwa na muhuri.

"Na yeye?" akauliza. "Jina lake liko wapi?"

Nelly akamwonyesha. Jina la Ausi lilikuwa juu kabisa, kwenye kisanduku kipya. Kiliandikwa: Mahali shamba lilipo.

"Dada, irudishie kompyuta iangalie tena."

"Nimeirudishia mara mbili, mama. Inasema ina uhakika asilimia tisini na nane."

Walikaa kwenye kivuli cha gari wakala maandazi. Ausi alikuwa wa kwanza kusema.

"Tuseme imepotea?"

"Ikipotea tunabaki na ile ya hapana." Kulthumu aliigeuza karatasi huku na huku. "Alitaka karatasi ya hospitali, yenye muhuri, inayosema kuna ugonjwa. Hii hapa. Ugonjwa ndiyo, muhuri upo. Mzee macho yake mabovu, pengine hatafika chini."

Mzee Sadiki alituma watu wamletee miwani. Alifika chini, akaanza tena juu, akafika chini tena.

"Alhamdulillahi," akasema, "wamewahi kuuona."

"Mzee, ulisema kukiwa na ugonjwa unatafuta mtu mwingine."

"Nilisema. Lakini mwingine atafikaje huko, mwanangu? Mpulizaji gani anaweza kuingia humo zaidi ya yeye mwenyewe?" Alimwangalia Ausi kwa huruma, na huruma hiyo ilikuwa ya kweli. "Kijana wangu, pole sana. Msimu huu usifunge kanga mdomoni. Dawa lazima ifike."

"Tutampoteza, mzee," akasema Kulthumu.

"Hatupotezi hata mmoja," akasema Mzee Sadiki, "tukiwahi." Na akaamuru maziwa yawe lita nzima. Mayunga alipoambiwa alikubali kuyatoa, ila alikumbusha kwamba yeye ameshakatazwa kuongeza mifugo, na maziwa yakizidisha ng'ombe humo kifuani asilaumiwe.

Ausi alipuliza kuanzia Juni, mdomo wazi. Alikuwa anamaliza mistari mitatu, anakaa, anamaliza miwili, anakaa. Kulthumu alitembea nyuma yake amebeba kigoda. Akisikia mashine imeshuka sauti, anakisogeza, na mume wake anakikuta kigoda hapo hapo alipotaka kuanguka. Gari lilipopita tena Julai kompyuta haikupaka nyekundu popote, na wale wa mbali walituma ujumbe wa pongezi.

Agosti maua yalijaa. Ausi akikohoa yanadondoka kwenye mkeka, madogo, yana mistari ya waridi, na Kulthumu anayafagia kabla wageni hawajakaa. Nyuki walianza kumfuata. Walimfuata kisimani, walimfuata mpaka msikitini wakabaki nje kwenye viatu wakimsubiri, na imamu hakuwa na neno nao. Ng'ombe wa pembe moja alizaa. Mayunga aliletewa habari wakati anakamua, akauliza ni dume au jike.

Mkutano ujao ulifanyika, na hoja ya Kulthumu ilikuwa ya kwanza katika mengineyo kama ilivyoahidiwa. Ila siku hiyo ulizuka ubishi juu ya nyuki, asali itakayopatikana ni ya mwenye miti, ya mwenye malisho, au ya kijiji, na mengineyo hayakufikiwa. Kulthumu alikaa mpaka viti vilipoanza kukusanywa.

Septemba mwanzoni Mzee Sadiki alikuja nyumbani kwao na mgeni kutoka Masasi, mtu anayenunua korosho, mwenye kofia safi. Walivua viatu. Kulthumu aliwatandikia mkeka. Ausi alikuwa ameegemea ukuta, maana kulala alikuwa hawezi tena, akilala anakosa hewa.

"Ruksa, ndugu yangu?" mgeni akauliza.

"Karibu," akasema Ausi. Neno moja lilimtosha.

Mgeni akainama, akaweka sikio kwenye kifua chake, upande wa kulia, akafumba macho. Alikaa hivyo muda mrefu, kama mtu anayejua kazi yake. Ndani mlikuwa mnavuma, polepole, sauti ya kuingia na sauti ya kutoka, na kila sauti ilikuwa na mlio mwembamba mwishoni.

"Upepo unapita vizuri," mgeni akasema. "Miti haijasongamana. Hili shamba lina mtu anayelitunza."

"Anajitahidi," akasema Mzee Sadiki. "Na mwakani, Mungu akijalia, atapuliza tena."

Kulthumu akaenda kuwaletea chai.